Video za breki zinaishia pale hatari inapoanzia



Humu tumezoea kuchambua riwaya, filamu na hotuba za wakubwa. Leo naomba tuchambue aina ya somo ambayo wengi wetu tunaitazama kuliko silabasi zote tulizowahi kununua: video ya dakika kumi inayomfundisha mtu kubadilisha mabomba ya breki ya gari nyumbani kwake, kisha kutoa hewa iliyoingia ndani, ile kazi mafundi wetu wanaita purje. Nimetazama nyingi, za Kifaransa, za Kiingereza, na chache za Kiswahili za upande wa Kenya na Tanzania. Sikuzitazama kwa kupitisha muda. Gari ilikuwa imelala ndani ya parseli, na mega zilikuwa zinaisha.

Nasema bila kuzunguka: nyingi ni masomo mazuri. Lakini yametungwa kwa gari ambayo si ya kwetu, kwenye nyumba ambayo si ya kwetu, na yanakatika mahali mtu anapoanza kuyahitaji.

Gari yenyewe ni Corolla ya zamani ya papa, usukani kuume, kama nyingi zinazoingia kupitia Kasindi. Siku moja akitoka sokoni hapa Oicha, alikanyaga breki, pedali ikashuka hadi chini, gari ikavutika kuume kwa nguvu na kusimama ikibakisha kidogo kugonga baiskeli yenye mifuko ya makala ya kupikia. Tulipoinua gari na kuingia chini yake tulikuta mambo mawili. La kwanza, bomba la chuma linalokwenda gurudumu la nyuma la kuume lilikuwa limeliwa na kutu mpaka likatoboka. La pili lilinikasirisha zaidi. Bomba la nyuma la kushoto halikuwa linapeleka kitu. Lilikuwa limekatwa, likakunjwa, likapigwa nyundo hadi likafunga. Papa akakumbuka. Fundi mmoja, simtaji, alikuwa amemwambia miezi mingi nyuma: "Papa, iko sawa. Breki tatu zinaenea."

Hapo inabidi nieleze kidogo, maana ndipo uzito wa habari hii ulipo. Kwenye gari nyingi ndogo zinazovutwa na magurudumu ya mbele, mafuta ya breki yamegawanywa njia mbili zinazopishana kama herufi X: gurudumu la mbele kushoto linashirikiana na la nyuma kuume, na la mbele kuume linashirikiana na la nyuma kushoto. Njia moja ikipasuka, nyingine inabaki na nusu ya breki. Sasa piga hesabu ya papa. Nyuma kushoto ilikuwa imefungwa kwa nyundo. Nyuma kuume ikatoboka, na ikapotea pamoja na mwenzake wa mbele kushoto. Ikabaki mbele kuume peke yake. Zile breki tatu za kuenea ziligeuka moja kwa siku moja, ndiyo maana gari ilivutika upande.

Kuna watakaouliza: kwa nini usiipeleke garaje ya Beni, ufanyiwe na watu wenye vifaa? Ni karibu kilomita 30 tu za RN4. Wa hapa hawataniuliza hivyo. Gari bila breki inavutwa kwa kamba, polepole, na ikikwama inasimama. Tangu mauaji yalipoanza katika teritware hii mwaka 2014, barabara yetu si ya kusimama-simama, hasa jua likianza kushuka. Mtu wa Oicha anayesema "nitatengenezea hapa hapa" mara nyingi habani franka. Anahesabu njia.

Basi nikafungua simu.

Kitu cha kwanza kinachokosekana kwenye video hizi ni muda. Mwenye kufundisha anaweka funguo kwenye ekru ya bomba, anazungusha, inafunguka kama kifuniko cha chupa ya Fanta. Gari yake imekaa kwenye mashine ya kuinua, chini kumesafishwa, kutu yenyewe ni ya heshima. Mimi ekru moja ilinichukua saa tatu. Nililowesha kwa mafuta ya kupenyeza kutu, nikasubiri, nikagonga kidogo kidogo, nikarudia. Funguo ya kawaida yenye mdomo wazi inashika pande mbili tu za ekru, na ekru ya breki ni laini, inaviringika upesi. Kuna funguo ya pete iliyokatwa mwanya ili bomba lipite; hiyo inashika karibu pande zote, na ndiyo ya kazi hii. Video karibu zote zinaitaja. Lakini mkasi wa aliyetengeneza video umekata zile saa tatu, kwa hiyo kijana anayetazama anaamini kwamba ekru isipofunguka kwa dakika moja tatizo ni yeye. Anachukua koleo. Koleo likishaingia, umepoteza ekru, na mara nyingine umevunja hata skurubu ya kutolea hewa, ambayo ina tundu katikati na inakatika kama chaki.

Upande wa bomba jipya lazima nizitendee haki. Mdomo wa bomba la breki haukatwi tu na kuchomekwa. Unapanuliwa kwa kifaa maalum mpaka ufanye kikombe kidogo kinachokaa sawasawa na kiti chake. Kwenye gari za Kijapani ukuta wa bomba unakunjwa mara mbili. Kwenye nyingi za Ulaya unafanya kichwa kama uyoga. Kimoja hakizibi mahali pa kingine, hata kama kwa jicho vinafanana. Jambo hili hakuna kitabu kinachoweza kulieleza kama kamera iliyosogezwa karibu. Nilitazama sehemu hiyo mara nane. Nikaharibu vipande vitano vya bomba kabla ya kupata mdomo ulionyooka. Sina malalamiko hapo, ni ufundishaji mzuri.

Malalamiko yangu yanaanza mwenye video anaposema, "agiza bomba lako." Kuagiza wapi, bana? Sisi tukiuliza kwa wauza pyese tunaonyeshwa vitu viwili: bomba la chuma lililotolewa kwenye gari iliyokufa, na bomba la shaba la frigo. La frigo linapinda vizuri, linang'aa, bei yake inacheka. Na hakuna video hata moja niliyoiona inayosimama kumwambia mtu kwa nini aliache. Sababu ni hii: ukikanyaga breki kwa hofu, shinikizo ndani ya bomba linaweza kupita bar 100. Tairi la gari hiyo hiyo linajazwa bar mbili na kitu. Shaba tupu, ikitikiswa na barabara yetu mwezi hadi mwezi, inakuwa ngumu na kupata ufa bila kuonyesha dalili kwa nje. Kuna bomba la shaba iliyochanganywa na nikeli, limetengenezwa kwa ajili ya breki, halishiki kutu na linapindika kwa mkono. Nililipata Butembo baada ya kumtuma mtu. Somo linalomwacha mwanafunzi mbele ya mabomba mawili yanayofanana, moja la kuokoa na moja la kuua, halafu likarukia hatua inayofuata, lina pengo kubwa.

Sasa njoo kwenye kutoa hewa yenyewe. Kanuni ni ya Pascal tuliyoikariri sekondari: kimiminika hakikubali kubanwa, hewa inakubali. Povu likibaki ndani ya bomba, mguu wako unabana povu badala ya kusukuma viatu vya breki. Wazo la kutumia mafuta kusukuma breki za gari lilipewa hataza Marekani mwaka 1917 kwa jina la Malcolm Loughead, ndugu wa yule Allan aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Lockheed, na gari ya kwanza kuuzwa ikiwa na breki za mafuta magurudumu yote manne ni Duesenberg Model A, mwaka 1921. Karne imepita na adui bado ni lile povu.

Video za Kifaransa na za Kimarekani zinasema: anza na gurudumu la nyuma kuume. Zinasema kwa uhakika, kama amri. Nilianza hivyo hivyo. Ni jioni tu, nikiwa nimechoka, niliposhituka. Wanaanza nyuma kuume kwa sababu usukani wao uko kushoto, na pampu kubwa ya breki iko mbele ya miguu ya dereva, kushoto. Kanuni ya wengi ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu. Kwenye gari ya usukani kuume pampu iko kuume, na la mbali ni nyuma kushoto. Wametoa jibu, wakaficha swali. Video za Kenya na Tanzania ndizo zilizonisaidia hapo, kwa sababu usukani wao ni kama wa gari yetu ingawa barabara zao si kama zetu. Mmoja alitamka kabisa, "anzia mbali na pampu," akaendelea. Maneno manne tu, lakini yanafaa kwa gari yoyote.

Mafuta ya breki nayo. Kwenye video chupa inafunguliwa mpya, kifuniko kinalia. Mimi wa kwanza kuuziwa nililetewa kwenye chupa ya maji ya kunywa, imejazwa nusu. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 yanavuta unyevu wa hewa, na hapa kwetu, karibu na msitu, unyevu hauna likizo. DOT 3 mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205; yakishaingiwa na maji kwa asilimia 3.7 kipimo kinachokubaliwa kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Waliowahi kushuka Kabasha kutoka Kanyabayonga kuelekea Rwindi wanaelewa: mguu uko kwenye breki muda mrefu, joto linapanda, mafuta yenye maji yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Pedali inakwenda chini katikati ya mteremko. Hata kibaya zaidi ni wale wanaoongeza mafuta ya injini kwenye bokali "ili isikauke." Mafuta ya injini yanavimbisha mipira ya ndani, breki zinashika bila kuachia, halafu zinaacha kushika. Ukishatia hayo hakuna purje itakayokuokoa, ni kubadilisha mipira yote.

Kazi yenyewe nilifanya na dada yangu mdogo. Yeye pedali, mimi chini na kimpira kilichozamishwa ndani ya chupa yenye mafuta safi. Video nyingi za kisasa zinatumia pampu ya kuvuta, mtu anafanya peke yake, kimya. Zile chache za watu wawili zinafanya kosa la lugha ambalo sisi wasomi tulipaswa kuliona haraka: neno moja, "kanyaga," linatumika kwa kupiga pedali, kwa kuishikilia chini, na kwa kurudia. Dada alikanyaga, nikafungua skurubu, nikasikia mafuta yakitoka, halafu akaachia kabla sijafunga. Pampu ikavuta hewa kurudi ndani. Dakika ishirini za kazi zikaenda. Tukakaa chini tukapatana maneno. Nikisema "leta," anakanyaga mara tatu taratibu. "Shikilia," anabaki chini na kunijibu "nimeshikilia." Nafungua robo mzunguko, pedali inazama, nafunga, nasema "imefungwa." Hapo tu ndipo anaachia. Ukiwafundisha watu wawili kazi moja, mpangilio wa maneno ni kifaa kama funguo.

Na kila baada ya raundi chache, macho kwenye bokali. Ikikauka, unaanza upya toka sifuri. Hilo video zote zinalisema, tena kwa kelele, nazipongeza. Kitu ambacho moja tu ilisema, nusu nusu: usiruhusu pedali ya gari ya zamani izame hadi chuma. Kwa miaka mingi mipira ya pampu imetembea sehemu ile ile. Ukiisukuma ghafla hadi mwisho inapita mahali penye kutu na uchafu, inachanika. Tuliweka kipande cha ubao chini ya pedali. Franka sifuri.

Tukamaliza magurudumu manne, mafuta safi, hakuna povu. Na hapo ndipo video zote zinaishia. Mwenye video anapiga pedali mara moja, anatabasamu, anainua dole gumba, muziki. Mimi nilipiga pedali yangu, ikaenda mbali sana kabla ya kushika.

Nikafikiri ni hewa. Nikarudia magurudumu yote. Chupa ya pili ikaisha. Pedali ile ile. Nikarudia video tatu kutafuta kosa langu, na hakuna hata moja iliyokuwa na nafasi ya mtu aliyekosea. Hiki ndicho kiini cha ukosoaji wangu. Zinaonyesha kazi iliyofaulu. Mtu aliyefaulu hahitaji mwalimu tena. Anayehitaji ni yule ambaye pedali yake iko laini saa kumi na moja jioni na papa anauliza kesho atatoka na gari au hapana.

Vitabu vya zamani vya makanika, ambavyo vijana tunavicheka kwa picha zao nyeusi, hapo vinashinda. Revue Technique Automobile ya Ufaransa ilianza 1946, Haynes wa Uingereza walitoa kitabu chao cha kwanza cha gari mwaka 1966. Havifurahishi kusoma. Kuelewa namna ya kukunja mdomo wa bomba kwa maneno tu ni mateso. Lakini kitabu cha namna hiyo kina mahali pa makosa: dalili upande huu, sababu inayowezekana upande ule. Kinakubali kwamba msomaji atashindwa, na kinamsubiri pale.

Aliyenitoa shimoni hakuwa video wala kitabu. Ni muzee mmoja wa jirani, zamani dereva wa magari ya mizigo, alipita kuomba moto akakuta nimekaa chini. Aliuliza swali moja: "Ukikanyaga mara mbili mbili, inapanda?" Nikajaribu. Ilipanda, ikawa ngumu kama jiwe. "Basi si hewa. Rekebisha viatu vya nyuma."

Kwa swali hilo moja nilielewa mambo ambayo saa za kutazama hazikunipa. Pedali inayobonyea kama sponji ina hewa. Pedali ndefu inayopanda ukirudia na kuwa ngumu, mara nyingi ni viatu vya breki vilivyo mbali na ngoma, si hewa. Pedali inayoshika halafu inazama polepole ukiendelea kuikanyaga, kuna mahali panavuja, au mipira ya pampu imekufa. Hali tatu, tiba tatu tofauti, na mimi nilikuwa nazitibu zote kwa purje, kama daktari anayetoa kinini kwa kila homa. Nilirekebisha viatu vya nyuma ambavyo nyuma kushoto havikuwa vimefanya kazi kwa muda wote ule bomba lilipofungwa, nikatoa hewa mara ya mwisho kwa tahadhari, pedali ikarudi juu.

Sitaki mtu asome hapa akaharakisha kufungua breki za gari ya watu. Kama gari ina ABS na kile kisanduku chake kimekauka mafuta, mara nyingi inahitaji mashine ya kukiamuru kifunguke. Mguu wa dada hautoshi. Pikapu na basi dogo nyingi zina kifaa cha nyuma kinachopunguza breki kulingana na mzigo, na ukiinua gari mpaka ekseli inaning'inia, kinafunga njia ya mafuta na unadhani umeziba kitu. Wengine watasema basi kazi hii waachiwe mafundi peke yao. Ningekubali, kama bomba la papa halingekuwa limekunjwa kwa nyundo na mtu anayeitwa fundi. Aliyefunga lile bomba hakukosa mkono. Alikosa mtu wa nyumba ile anayejua kuuliza breki tatu zinaeneaje.

Jaribio letu lilikwenda hivi. Injini ikiwaka, dada alikanyaga kwa nguvu dakika nzima huku mimi nikipita na tochi kila kiungo, nikikigusa kwa kidole kikavu. Halafu mwendo wa mtu anayetembea ndani ya parseli, kusimama, tena na tena. Kesho yake asubuhi, barabara tupu, papa aliendesha hadi Mbau na kurudi. Aliposhuka hakusema neno. Alichukua tochi mkononi mwangu, akapiga magoti mwenyewe, akaangalia nyuma kushoto, kisha nyuma kuume.